Puli Nyepesi ya Mehr Tauqeer

Mimi ni mkereza vyuma. Duka langu liko Bahawalpur, kichochoro cha nyuma ya Lango la Farid, na kwa miaka kumi na tisa nimekula kwa mashine moja ya kukerezea niliyorithi kwa baba. Nasema haya mapema ili ijulikane kwamba nilichokifanya sikukifanya kwa ujinga wa mtu asiyejua kazi. Niliijua kazi nusu, na nusu hiyo ilinitosha kujisifu.

Kila Februari, baridi ikianza kulegea, magari ya mashindano hukusanyika jangwani Cholistan, chini ya kuta za Ngome ya Derawar. Mehr Tauqeer, mwenye mashamba ya pamba huko Yazman, alikuwa anashindana mwaka wa nane na hakuwahi kushika nafasi ya kwanza hata mara moja. Ni mtu mkarimu, mwenye sauti ya kuitia nyati wake wa maziwa walio ng'ambo ya mfereji, lakini hawezi kungoja hata chai ipoe. Kiti cha pembeni yake, cha kumsomea njia, hukaliwa na mdogo wangu Wasaya. Tumezaliwa wawili tu, na tangu baba afe mimi ndiye niliyemlea.

Wiki mbili kabla ya mashindano Mehr aliniletea gari. Injini yake ni ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, kwa hiyo krenkishafti yake, ule mtaimbo uliopindapinda unaozungushwa na pistoni, ni mrefu kuliko mkono wa mtu. Kwenye ncha yake ya mbele hukaa puli nzito inayovuta mikanda ya pampu ya maji, ya alteneta na ya usukani. Puli hiyo si chuma kitupu. Ndani kuna kitovu, kukizunguka kuna pete ya mpira, na nje ya mpira kuna ringi nzito. Mafundi huiita dampa. Mpira wa ile ya Mehr ulikuwa umepasuka kwa uzee, na ringi ya nje imeanza kuteleza.

Mehr hakutaka nyingine ya aina hiyo. Alikuwa ameona kwa mshindani mmoja wa Lahore puli ya alumini, kipande kimoja, nyepesi kama sahani, na tangu siku hiyo alikuwa halali vizuri. Aliniuliza kama naweza kumtengenezea. Nikamwambia mimi naweza kumkerezea hata mwezi akiniletea.

Nilitafuta gogo la alumini, nikalikereza siku mbili. Puli ilitoka inang'aa kama sinia la harusi. Ilikuwa nyepesi kuliko ile ya zamani kwa kilo tatu na nusu, na nilikuwa nimepunguza kipenyo chake kidogo ili mikanda isiile injini nguvu. Tulipowasha, injini ilipaa kwa mguso mdogo tu wa mguu. Mehr alicheka mpaka akashika ubavu. Majirani wakatoka madukani kuja kusikiliza.

Ndipo akapita Ustad Jindwadda. Huyu alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha sukari kwa miaka thelathini, sasa amestaafu, anaishi Ahmadpur. Sikio lake la kushoto limekufa kwa kelele za kiwanda, na kwa lile la kulia hukusanya habari za watu. Alikuja Bahawalpur kutafuta beringi, akavutwa na kelele. Akainama mbele ya injini akaangalia kwa muda mrefu.

"Na mpira umeuweka wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia hakuna mpira. Akasema kila silinda inapolipuka huinyonga krenki kidogo, kama mtu anavyokamua nguo, kisha krenki hujirudi. Krenki fupi huvumilia. Ndefu kama hii, kuna mwendo mmoja ambapo mikamuo hiyo hufuatana na kujazana, na kazi ya ile ringi nzito juu ya mpira ni kuupokea mnyongo huo. Ukiitoa, mnyongo unabaki ndani ya chuma.

Watu walikuwa wanatuangalia, Mehr mmoja wao. Nikamjibu, "Mpira ni wa trekta na wa wazee, Ustad. Wote hao wanahitaji kitu laini cha kukalia."

Kichochoro kizima kiliangua kicheko. Jindwadda alivuta shuka lake la ajrak begani, akaenda zake. Nilijua nilikuwa nimesimama upande wa sikio lake zima.

Siku ya kwanza ya mashindano ni ya mbio fupi za kupanga nafasi. Mehr alirudi wa pili. Kabla ya saa sita mchana nilikuwa nimeshikwa mkono na watu nisiowajua, na wawili walinitaka niwatengenezee puli kama ile. Wasaya alishuka garini uso umejaa vumbi, ametoa meno yote.

Kwa desturi yangu nikafungua boneti nikague. Nilipoweka spana kwenye bolti kubwa ya puli, ikazunguka kwa nguvu ya mkono mmoja. Bolti ile nilikuwa nimeikaza kwa bomba la mita moja na nusu, nikiwa nimening'inia.

Niliivuta puli nje. Kwenye kijitundu cha kabari, pale puli inapoishika krenki, kulikuwa na unga mwekundu, laini kama pilipili iliyosagwa. Unga ule ni chuma kinachokula chuma. Nikaupangusa kwa kidole, nikafunga bolti tena, nikaikaza kwa bomba, nikafunga boneti. Nilijiambia ni bolti tu. Nikaenda kula na wenzangu.

Sikumwambia mtu. Hiyo ni nusu saa ya maisha yangu ambayo siipendi.

Tukiwa tunakula, Wasaya akasema jambo kwa kucheka. Alisema wakiwa kwenye uwanda wa udongo mgumu, Mehr akishikilia mizunguko elfu tatu na mia nane kwa dakika, kitu fulani huanza kuimba chini ya miguu, meno yanawasha, na maandishi ya ramani hayasomeki. Ukipita hapo, kunatulia. Akasema kesho itabidi asome kwa macho ya kipofu, maana karibu nusu ya njia ni uwanda mtupu na Mehr amepanga kwenda kwa mwendo huo huo kutoka mwanzo hadi mwisho.

Nikarudisha tonge kwenye sahani. Nikanawa, nikarudi kwenye gari, nikaitoa puli mara ya pili. Safari hii nilipaka ncha ya krenki mafuta ya taa, nikaikausha kwa kitambaa, nikaisugua chaki. Pakiwa na ufa, mafuta hujitokeza na kuchora mstari kwenye chaki. Nilingoja. Chaki ilibaki nyeupe. Nikafanya vivyo hivyo kwenye puli yangu. Mstari ukatokea taratibu kutoka kona ya kijitundu, mwembamba kama unywele, ukatembea kuelekea ukingoni urefu wa punje ya mchele.

Puli ile ikipasuka kwenye mwendo wa kilomita mia na hamsini, mkanda wa usukani unakatika na usukani unakuwa mzito ghafla mikononi. Vipande navyo hutafuta pa kutokea.

Mehr alikuwa ameketi chini ya turubai na rafiki zake kama kumi. Nikamwita Sain, yaani bwana, nikamwomba pembeni. Akasema hana siri na watu hawa, niseme. Nikasema mbele yao kwamba puli ni kosa langu, imepasuka, na hata isingepasuka haifai injini ile, kwa sababu inaiacha krenki inajinyonga. Nikasema Ustad Jindwadda alinionya nikamcheka.

Mehr alisimama. Aliniuliza kama mimi si yule niliyemwambia kwa wiki mbili kwamba hakuna puli bora kuliko ile. Nikasema ndimi. Akaniuliza kama ufa wa punje ya mchele hauwezi kumaliza kilomita mia mbili na ishirini. Nikasema sijui.

"Basi ifunge. Hujui, na mimi sijui, twende tukajue."

"Sitaifunga, Sain. Na Wasaya hataingia."

Wasaya alikuwa amesimama nyuma yangu. Akanishika kiwiko, akaongea polepole, jambo ambalo huwa halifanyi. "Kaka, usiniaibishe mbele ya watu. Mimi si mtoto wako."

Sikumgeukia. Nilimwambia Mehr kwamba uwanja ambamo kila gari la kesho lazima lilale unafungwa kwa adhana ya Magharibi, kwa hiyo nina saa tano. Nitaleta dampa yenye mpira na kuifunga. Nikishindwa, nitaikaza hii hii iliyopasuka, na mimi mwenyewe nitakaa kiti cha Wasaya.

"Wewe hutapika hata kwenye basi la Multan," Mehr akasema. Rafiki zake wakacheka, yeye hakucheka. Aliitazama puli mkononi mwangu, kisha akanirushia funguo za gari lake la kubebea mizigo. "Magharibi, Sajawal. Ukichelewa hata dakika, usirudi."

Kutoka Derawar hadi Ahmadpur ni mwendo wa saa moja ukiwa na haraka na Mungu yuko upande wako. Nilifika saa nane. Nyumbani kwa Jindwadda hapakuwa na mtu. Mwanamke wa jirani akaniambia wote wako harusini, binti wa dada yake anaolewa, mtaa wa pili.

Niliingia kwenye hema la harusi na mikono yenye oili hadi viwikoni. Jindwadda alikuwa kwenye mstari wa wazee, nguo nyeupe zilizopigwa wanga, sahani ya wali mtamu wa manjano mapajani. Akaniona. Akageuza shingo, akanipa sikio la kushoto. Nikazunguka viti, nikachuchumaa upande wa kulia, nikamweleza yote: unga mwekundu, mtetemo wa elfu tatu na mia nane, ufa, saa ya Magharibi.

Alitafuna akamaliza. "Ule utani wako ulikuwaje? Siku ile kulikuwa na kelele."

Alikuwa ameusikia vizuri kabisa. Wazee wote walikuwa wametega masikio. Nikausema tena, neno kwa neno, trekta na wazee na kitu laini cha kukalia. Wazee wakacheka sana, mmoja akapaliwa. Jindwadda akangoja wamalize. Kisha akanipa sahani yake.

"Maliza hiyo. Mkono wa njaa hukereza yai badala ya duara."

Karakana yake iko kando ya mfereji, chumba kimoja cha matofali. Ukutani zilining'inia dampa tatu. Alishusha moja iliyotoka kwenye gari la wagonjwa la zamani, injini ya ukoo ule ule. Akaubonyeza mpira wake kwa ukucha pande zote, ukarudi. Tundu la katikati lilikubali kipimo cha krenki niliyokuwa nimeipima. Lakini ilikuwa na mfereji wa mkanda mmoja tu, wa maji na alteneta. Gari la wagonjwa lile halikuwa na pampu ya usukani.

Tulitazamana. Halafu wote wawili tukaitazama puli yangu. Ufa ulikuwa kwenye kitovu. Ukingo, wenye mifereji ya mikanda, ulikuwa mzima. Nikasema tukikata kitovu na kuacha ukingo na ukuta mwembamba tu, tunaweza kuupachika mbele ya dampa kwa bolti sita. Jindwadda alitikisa kichwa kwamba ndivyo. Nilifunga puli kwenye mashine yake na kuanza kuikata kazi niliyoipiga msasa siku nzima ili ing'ae.

Kisu kilipofika katikati, umeme ukakatika. Ilikuwa saa tisa na robo. Ahmadpur ukikatika saa hizo haurudi kabla ya saa kumi na moja. Nilisimama na mkono juu ya gurudumu. Jindwadda alikuwa ameshakunja mikono ya kanzu yake ya harusi. Nyuma ya mlango alikuwa na injini nyeusi ya dizeli ya silinda moja, ile ya visimani, na mashine yake ni ya zamani, ya kuendeshwa kwa mkanda wa ngozi. Tuliisukuma hadi kwenye mashine, tukaivisha mkanda, tukaizungusha kwa mkono mara nne bure. Mara ya tano ikakohoa, ikashika. Mashine ilizunguka kwa kurukaruka, ikabidi nikate kidogo kidogo, nikishusha pumzi kila kisu kinapotoka salama.

Kilichobaki ni matundu. Nilishika tindo, nikaweka alama ya kwanza kwenye ringi ya nje ya dampa, kwa kuwa ndiyo yenye nafasi. Jindwadda alinipiga kifundo cha mkono kwa tupa.

"Hapo ukifunga, umeifunga na ringi. Utakuwa umenunua mpira kisha ukaufunga kamba. Kwenye kitovu, bwana. Ringi iache icheze."

Nikatoboa sita kwenye kitovu. Tulipofunga, alipanga rula mbili za chuma sambamba juu ya meza, zimekaa sawa kama maji, akalaza juu yake ekseli fupi yenye kazi yetu. Ilijizungusha, upande mzito ukashuka. Nikapunguza chuma kwa keekee upande ule. Ikajizungusha tena. Tukarudia mara saba au nane, mpaka ikawa popote unapoisimamisha inabaki. Alitaka kurudia mara nyingine. Nikamwonyesha saa. Ilikuwa kumi na dakika hamsini.

Alipanda gari na nguo zake za harusi, oili imeshaingia kifuani. Njiani, karibu na kisima cha mwisho, kundi la ngamia lilikuwa linavuka barabara, na ngamia hana Magharibi. Nilipiga honi. Jindwadda akasema niache, honi inawasimamisha. Tukakaa tunawatazama wanapita, wa mwisho akiwa na mtoto anayechechemea.

Tulifika jua limegusa ukuta wa ngome. Waamuzi walikuwa wamesimama kwenye kamba ya uwanja, mmoja na filimbi mdomoni. Nilipiga kabari mahali pake, nikaiingiza dampa, nikafunga bolti kwa mkono. Wasaya, bila kunitazama, alikuwa ameshaingia chini ya gari kuzuia gurudumu zito la nyuma ya injini kwa mtaimbo, krenki isizunguke. Niliweka bomba. Uzito wangu haukutosha, nilikuwa nimechoka. Mehr Tauqeer akaja akashika bomba juu ya mikono yangu, tukaning'inia wote wawili mpaka bolti ikalia. Mikanda ikapanda. Muadhini alikuwa ametamka takbiri ya kwanza injini ilipowaka. Mkanda mmoja ulipiga yowe, kisha ukanyamaza. Mehr alipandisha mizunguko polepole hadi elfu tatu na mia nane akaishikilia hapo. Jindwadda aliweka kiganja juu ya madigadi, akafumba macho.

"Endesha," akasema.

Gari liliingia uwanjani mwamuzi akiwa ameshaanza kuinua kamba.

Asubuhi waliondoka wa pili. Mimi na Jindwadda tulikaa kwenye kituo cha tatu, kilomita mia na kumi ndani ya jangwa, karibu na redio ya waamuzi. Kituo cha pili kiliwataja saa tatu na nusu. Kwa mwendo wao tulipaswa kuwaona baada ya dakika ishirini na tano. Zikapita. Magari matatu yakafika, na vumbi lao, na si wao. Redio ikaulizwa, ikajibu haijui. Nilikuwa nikiona bolti zile sita, moja moja, na kujiuliza ya nne kama niliikaza au nilidhani nimeikaza. Jindwadda alikuwa anatafuna tende na kutema kokwa. Baada ya dakika arobaini akanishika goti akalibana.

Gari lilitokea likiwa limeinama upande mmoja. Tairi mbili zilikuwa zimepasuka kwenye mawe, na walikuwa na moja tu ya akiba. Injini ilikuwa inaimba vizuri. Hawakusimama.

Walimaliza wa tano. Mehr alisema kwa watu wote waliotaka kusikia kwamba gari lilikuwa zito kupanda matuta, kwamba ile nyepesi ingempa dakika tatu. Wasaya alinipita kama mtu anayepita nguzo. Wale wawili waliotaka puli kwangu nao hawakurudi. Kichochoroni walikuwa na utani mpya, na safari hii ulinihusu mimi.

Ikapita Machi karibu yote. Mehr alipeleka injini kwa fundi wake ifunguliwe ilivyo ada kila msimu, na fundi yule akaniletea krenki niisugue shingo zake, pale inapozungukia ndani ya beringi. Niliisafisha. Kwa mazoea nikapaka mafuta ya taa na chaki, mwili mzima, hata zile sehemu zinazojificha ndani ya injini nisizoweza kuzifikia siku ile. Kwenye kona ya shingo ya kwanza, mstari ukajichora. Haukuwa wa punje ya mchele. Ulikuwa umezunguka theluthi ya chuma.

Niliipangusa chaki yote. Kisha nikaitia krenki kwenye gari na kwenda Yazman.

Mehr alikuwa uani kwake, Wasaya yuko naye, wanapanga mbegu. Nilitua krenki juu ya kitanda cha kamba, nikapaka, nikasugua, nikasogea. Mstari ukatoka mbele yao. Mehr akapitisha ukucha juu yake, ukucha ukanasa. Akarudia.

"Ingekatika?"

"Kwa ile nyepesi, kwenye uwanda ule, naona ingekatika, Sain."

Akapitisha ukucha mara ya tatu. Akaniuliza ustad yule wa Ahmadpur anakaa sehemu gani hasa, na kama ni kweli nguo zake za harusi ziliharibika. Nikamwelekeza.

Wasaya alikuwa ameinama juu ya chuma, kidole chake kikifuata mstari unapokwenda kwenye kivuli. Hakusema kwamba nilikuwa na haki, wala sikungoja aseme. Nilipoanza kuinua krenki niirudishe garini, akashika upande wa pili, ule mzito, akaniuliza kama nimekula.